Walikunywa Chai, Kisha Wakafungua Sanduku Langu

Jumatano, Nainokanoka. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na nguo nilizoanika jana bado zinadondosha maji. Nina hasira. Si ile ya kupiga kelele. Ni ya kudharau.

Walikuja jana saa tatu asubuhi, askari wawili na dereva wao. Mgeni mmoja wa kambi ya watalii anakopika kaka yangu Lemayan amepoteza darubini tangu Ijumaa. Wakaamua kuja kupekua nyumbani kwa yeyo, mama yetu, wakati Lemayan mwenyewe yuko kazini.

Yeyo hakuwauliza walichofuata. Kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajanywa kitu. Aliwakaribisha, akawakalisha karibu na moto, akawapa chai ya maziwa. Wakanywa vikombe viwili viwili. Mkubwa wao, koplo mwenye tumbo linalomtangulia, akayasifu maziwa, akajifuta mdomo na kusema, "Haya, tuanze kazi."

Nikauliza hati ya upekuzi iko wapi.

"Hati ya nini, dada? Si mama ametukaribisha mwenyewe?"

Nimesoma sheria miaka minne. Najua katiba inalinda faragha ya mtu na ya nyumba yake. Najua askari huruhusiwa kupekua bila hati pale tu ambapo akichelewa ushahidi utapotea, na darubini ya tangu Ijumaa haikuwa na haraka ya kwenda popote. Nilimwambia hayo yote. Nikamuuliza pia shahidi huru yuko wapi.

"Huyu hapa," akasema, akimwonyesha dereva. "Huru kabisa. Hana hata mke."

Wakacheka wote watatu. Watu wa aina hii hawaipingi sheria. Ili waipinge, ingebidi kwanza waielewe.

Wakapindua ngozi za vitandani. Wakanusa vibuyu vya maziwa, kana kwamba kuna mtu anayegandisha darubini. Kisha wakafungua sanduku langu la bati. Hapakuwa na darubini. Palikuwa na daftari langu.

Hapa kwenye blogu naandika ninachotaka kisomwe. Mle naandika yaliyobaki.

Koplo akalifungua katikati, akasoma kwa sauti ya kuhubiri: "'Simpendi, lakini kila simu ikiita naomba iwe yake.' Ee, msomi! Ni nani huyo anayekutesa hivi?"

Dereva akapiga makofi. Shahidi huru.

Sikujua uso unaweza kuwaka namna ile kwenye baridi ya huku.

Halafu koplo akatoa karatasi mfukoni, akaiandika juu ya goti: kwamba mwenye nyumba ameridhia upekuzi kwa hiari yake na hana malalamiko. Akatoa na kidau cha wino.

"Mama aweke dole gumba hapa, mimi naacha daftari. Akikataa, linakwenda kituoni kwa uchunguzi. Tutalisoma taratibu, ukurasa kwa ukurasa. Au siyo, dada?"

Sasa nakiri.

Mimi, niliyekuwa nimetoka kumwaga katiba mbele ya wanaume watatu, nilimgeukia yeyo nikamwambia kwa Kimaa: "Weka tu."

Nilisema haraka, kabla hajauliza karatasi inasema nini. Nilijua dole lile lingegeuza kila walichofanya kuwa halali. Nilijua wangekwenda boma linalofuata wakiwa wamejifunza kwamba chai inatosha. Nilijua, na nilitaka daftari langu. Tena moyoni nilikuwa nikimlaumu yeye, mama asiyejua kusoma, eti ndiye aliyewafungulia mlango.

"Inasema nini?" aliniuliza.

Nikamweleza. Akanitazama kidogo tu, akapangusa mikono kwenye shuka, akamgeukia koplo na Kiswahili chake cha mnadani.

"Mimi nakaribisha wewe unywe chai hapa, kwa moto. Ule upande wa kitanda, hata ndugu ya mume wangu haingii kama mimi sijaita. Wewe, nani aliita?"

"Mama, hii ni serikali."

"Serikali imekunywa vikombe viwili. Sasa inaenda."

Hakuweka dole. Wakaondoka na daftari, hawakuacha hata stakabadhi, na kwenye ukungu nilisikia kicheko cha dereva muda mrefu baada ya gari lenyewe kutoonekana.

Kumdharau koplo ni kazi nyepesi; ningeweza kuifanya nikiwa nimelala. Tangu jana najaribu kumdharau yeye tu, nisijidharau mwenyewe, na sifaulu. Yeyo hajasema neno kuhusu lile "weka tu". Leo asubuhi kanipa chai kama kawaida, na sikuweza kumtazama.

Nimeandika barua, na kesho nitashuka nayo kituoni. Ili kulidai daftari lazima nieleze ni la nani, linafananaje na lina nini ndani. Watakuwa wameshalimaliza. Watanisomea sentensi wanazozipenda mbele ya watu waliokuja na kesi zao za ng'ombe, na dereva atakuwepo kupiga makofi.

Je, nitaweza kusimama pale kaunta nikasema "ni langu", kwa sauti ya kusikika, bila kutazama chini?