Barua ya Mwanangu Imepata Arobaini na Moja

Mpendwa mshauri, niokoe kabla sijagonga muhuri usio wangu. Mimi ni katibu muhtasi wa shule ya sekondari inayojivunia ugumu, na mkuu wetu wa shule anasahihisha kila karatasi inayopita mezani kwake, tangazo la kukatika maji alilipatia alama hamsini, kadi ya harusi ya mwalimu wa jiografia aliirudisha na wino mwekundu, "hoja haijakamilika", na tangu shule ifunguliwe hakuna aliyefika sitini, hata yeye alijaribu mtihani wake mwenyewe wa fizikia akapata thelathini na tisa, akashinda siku nzima anachekacheka kwa furaha. Sasa binti yangu yuko kidato cha mwisho hapohapo na ameongoza darasa kwa hamsini na nne, wakati mtoto wa jirani yuko shule ya ng'ambo ya barabara ambako ukiandika jina lako vizuri una tisini, na juzi mlinzi wao alimshikia mwanafunzi karatasi kidogo tu, na mlinzi huyo akapewa themanini. Chuo kikuu anachokitaka binti kimesema kinajua shule hazilingani, kwa hiyo mkuu aandike barua kueleza ugumu wa shule yake, iwe na sahihi yake, ifike Ijumaa, la sivyo wataangalia namba peke yake na mwanangu ndiyo basi tena. Mkuu akanisomea maneno, nikachapa, nikampelekea asaini, naye akaisahihisha. Akaipa arobaini na moja na kuweka sahihi pembeni ya alama, kama kawaida yake, akasema, "Mama, barua ya shule hii haitoki ikiwa chini ya sitini." Nikamwambia, Mkuu, maneno ni yako mwenyewe. Akasema, "Ndiyo maana sikujipendelea." Tumeshaiandika mara tano, zote kazisahihisha hivyohivyo, na ya mwisho imeshuka hadi thelathini na nane. Muhuri uko kwenye droo yangu, sahihi yake naweza kuiiga hata nimefumba macho, na jirani anasema nimhamishie mtoto shule ya mwanawe japo wiki mbili. Binti mwenyewe haongei, tangu siku aliyoleta matokeo nikamuuliza hizo arobaini na sita nyingine kaziacha wapi, ananijibu ndiyo na hapana tu. Nifanyeje?

Katibu aliyeishiwa karatasi

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, kwanza toa mkono kwenye hiyo droo. Pole sana, nakuonea huruma kweli, lakini mtoto amesota miaka yote kwa jasho lake halafu wewe umchafulie kwa dakika moja? Na jirani mwambie asante, abaki na tisini zake.

Halafu nikuulize, wewe unafanya kazi ofisini kweli? Chuo kinataka barua yenye sahihi ya mkuu. Unazo tano. Zote amezisaini mwenyewe, kwa mkono wake, pembeni ya alama. Kesho asubuhi ingia ofisini kwake, mwambie waziwazi kwamba hupeleki barua, unapeleka karatasi zilizosahihishwa, na karatasi iliyosahihishwa hurudi kwa aliyeileta, ndivyo wanafunzi wake wanavyoondoka nazo kila siku. Ninavyomsikia, atatafuta kosa kwenye hiyo hoja na hataliona. Akikupa alama, chukua na hiyo.

Zipeleke chuoni kwa mkono wako, usisubiri Ijumaa. Mtu wa udahili akiona mkuu aliyeipa barua yake mwenyewe thelathini na nane, hahitaji kuelezwa hamsini na nne ni nini. Wakimkataa baada ya hapo, omba chuo kingine kwa karatasi hizohizo.

Lakini hilo ni la kesho. Leo ukifika nyumbani, kabla hujavua viatu, mwambie huyo binti hongera. Barua yako nimeisoma mara mbili, na sijaona mahali ulipomwambia.