Fyuzi ya Kompyuta

Bigwa, Morogoro
14 Juni 1998

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, na migomba ya Bibi imezaa. Ila ile kompyuta ya mtumba uliyotuletea imegoma kuwaka. Bibi anasema inaona haya kwa kukodolewa macho, ameifunika kitambaa. Hafidhi, fundi redio, aliipuliza vumbi akasema, "Umeme hauingii."

Nilipofungua plagi, fyuzi haikuwemo. Jana nikifua nguo nikaikuta imefungwa kwenye pindo la kanga ya Mama. Nikakumbuka ulisema kompyuta ikiharibika utakuja mwenyewe kuitengeneza, na tangu Idi hujaja.

Kanga ilipokauka niliifunga fyuzi tena palepale. Mama ameshanunua mchele wa Turiani.

Ukija, tafadhali usianze na plagi. Anza mbali, ikuchukue siku nyingi.

Mwanao,
Shamimu