Mama, Video ya Baba Imefutika

Tunduma,
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Ileje? Umeanza kuvaa zile soksi nilizokutumia, au bado unawatunzia wageni? Sisi huku tuko hai. Vumbi ni lile lile na foleni ya malori ni ile ile.

Najua unashangaa kupata barua wakati simu ipo. Juzi uliponipigia nilisema mtandao mbovu, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri, mama, ni mimi niliyeshindwa. Ile video ya baba, uliyokuwa ukiingoja uisikilize siku ya kujengea kaburi, haipo tena. Nimeifuta mwenyewe, kwa mkono wangu. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujalia.

Unakumbuka baba alipokaa kwangu akisubiri kupelekwa hospitali Mbeya, nilimrekodi kwa simu akiongea pale mlangoni. Simu ilipoanza kuchoka nikahamishia kila kitu kwenye kompyuta ya kazini, ile niliyoinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ikiwa imeshatumika. Simu yenyewe ikafa, nami sikujali, nikijua baba amepata pa kukaa.

Wiki iliyopita nikaiwasha kompyuta asubuhi, madereva wamesimama wanataka kuprintiwa karatasi za mzigo. Haikuleta picha. Hakuna madirisha wala kimshale, ni kioo cheusi na maandishi meupe ya Kiingereza, na kistari kinakonyeza chini yake kama kinanicheka. Nikazima, nikawasha. Nikatoa betri, nikaipuliza, nikairudisha. Nikaomba. Weusi ule ule. Madereva wakahamia kwa jirani yangu, ambaye hakuficha furaha yake.

Nikamwita Ba Mulenga, fundi wa upande wa Zambia aliyeniuzia. Akaketi, akaandika maneno yake kwenye ule weusi, akasoma yaliyojibiwa.

"Awe, hapana mama, haijafa," akasema. "Vitu vyako vyote vimo. Ila humu ndani kuna mchoraji, ndiye anachora kila unachoona kwenye kioo. Akiamka lazima kwanza aandike kidogo kwenye diski. Sasa diski imejaa pomoni. Hana pa kuandika, basi anarudi kulala."

"Tufanyeje?"

"Video ndizo zimekula nafasi. Lakini usifute kitu! Kesho nakuja na diski kubwa, tuhamishe kwanza. Huku kwenye maandishi hakuna pipa la taka. Ukifuta, kimekwenda."

Haraka haraka haina baraka, uliniambia hivyo kila likizo nilipokuja kuchuma kahawa nikachanganya mbichi na zilizoiva. Sikuwahi kusikia. Ba Mulenga alipoondoka wakaja wateja wengine, wakageuka, nami nikachemka. Nikasema, si nimemwona anavyofanya? Nikaorodhesha mafaili kama yeye. Video hazikuwa na majina ya watu, ni tarehe na saa tu, kama simu ilivyoziandika. Za siku ile ya baba zilikuwa mbili, moja ya saa nane mchana, nyingine ya saa tisa. Kuzitazama siwezi, maana mchoraji amelala. Nikakumbuka kabisa kwamba baba alianza kuongea wakati redio ya jirani inasoma habari za saa tisa. Basi nikaiacha ya saa tisa, nikafuta ya saa nane pamoja na nyingine za zamani.

Nikawasha upya, ikafunguka! Nilipiga kigelegele peke yangu dukani. Nikafungua ile ya saa tisa ili nimwone baba. Wakatokea watoto wa mwenye nyumba wanacheza muziki.

Huku mpakani simu hudaka mtandao wa Zambia bila kukuuliza, na saa yake hurudi nyuma saa nzima. Tunalijua wote, na watu huchelewa ibada kwa ajili yake. Siku ile simu yangu ilikuwa imedaka Zambia. Saa tisa ya baba iliandikwa saa nane.

Ba Mulenga alikuja kesho yake, akahangaika kuifufua mpaka jioni. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alichopata ni kipande kisichofunguka. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nisalimie kaka Elia na wifi, babu yetu mdogo mwenye mizinga ya nyuki, na mchungaji. Salamu nimeziweka hapa kwa sababu lililobaki ni gumu, na ni lako peke yako.

Aliyoyasema kwa Kiswahili nayakumbuka. Migomba ya bondeni isikatwe, Elia asigombane na jirani kwa ajili ya mpaka, ahadi yake kanisani ilipwe. Lakini mwishoni akahamia Kindali, kile cha ndani cha wazee, na mimi niliyelelewa na shangazi huku mjini sikukielewa. Nilipomuuliza alinijibu, "Si yako hiyo. Mama yako ataelewa." Ndiyo maana nilikuwa naitunza.

Nilichoshika ni jina lako tu. Hakusema mama Elia. Alisema Tusekile, jina ambalo sijawahi kumsikia akilitamka, halafu akasema maneno machache, akacheka.

Kama unalijua neno ambalo angekuambia hivyo, akikuita Tusekile na kucheka, mama, basi ndilo hilo.

Mwanao niliyekukosea,
Neema