Jino Nililong'olewa Litein

Kiwanda cha Chai, karibu na Litein
20 Agosti 1972

Kwa dada yangu mpendwa Dorcus,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi ndugu yako, niliye huku kwenye baridi na mvua ya kila alasiri. Natumaini wewe, shemeji Alfayo na watoto mko wazima, na kwamba mguu wa mama umepoa. Mimi sasa naweza kutafuna ugali, ingawa kwa upande mmoja tu. Umesikia nimeondolewa kwenye chumba cha kuonjea chai nikapelekwa kupima majani ya wakulima, nawe ukaniuliza kama kuna mtu amenionea wivu akaniroga. Hakuna aliyeniroga, dada. Keti nikueleze.

Mwezi wa Aprili gego langu la chini lilianza kuniuma, hata nikawa naonja chai huku machozi yakinitoka. Sikwenda zahanati ya kiwanda, maana pale kila ugonjwa huandikwa kwenye faili, na mwonjaji mwenye kinywa kibovu hana kazi. Siku ya soko nikamwendea fundi mmoja wa Litein anayeng'oa meno nyuma ya kibanda cha viatu. Alisuuza koleo lake katika kopo ambalo waliotangulia walikuwa wamelitemea damu. Niliona kwa macho yangu, na bado nikafungua kinywa. Jino lilivunjika. Akachokonoa, akatoa vipande, akasema, "Kwisha. Kesho utakula nyama."

Nyama sikula. Wiki zilipita, maumivu yakapanda hadi sikioni, na shimo likakataa kufunga. Nilisukutua maji ya chumvi, nikashindilia karafuu. Mdomo wa chini ukafa ganzi upande ule, uji ukawa unanidondoka bila mimi kujua. Kisha kikaja kitu ambacho hata kukiandika kunanitia kichefuchefu. Nikifyonza kidogo, ute mzito wa chumvi na uozo ulitiririka kutoka mle shimoni. Usaha, dada. Niliumeza mbele ya watu kwa kuwa sikuthubutu kuutema.

Na kazi yangu unaijua: vikombe thelathini kila asubuhi, uvute chai kwa kijiko, uizungushe kinywani, uiteme. Kila chai ilikuja na ladha ya panya aliyefia chini ya sakafu. Nikawa naandika kasoro kwenye chai nzuri. Meneja wetu Mzungu akaonja zilezile, akasema hazina neno. Halafu akaniuliza harufu mbaya iliyojaa chumbani inatoka wapi. Nitakuambia nilivyomjibu, ila niache kwanza nimalize habari za ugonjwa.

Mwezi wa Juni jipu lilitokea chini ya taya, likapasuka lenyewe kanisani wakati wa sala, likachafua kola ya shati jeupe ulilonishonea. Watu wa benchi langu walihama. Kesho yake nikaenda hospitali ya misheni. Daktari, mwanamke wa makamo, aliniuliza jino lilitoka lini. Nilipomwambia ni wiki tisa zimepita, akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba maumivu ya kung'olewa jino hupungua siku baada ya siku, na hata shimo likikauka vibaya, mtu hupata nafuu ndani ya wiki mbili hivi. Lakini maumivu yasiyokoma, yakiandamana na ganzi ya mdomo na usaha unaotafuta pa kutokea, yanamfanya autilie shaka mfupa wenyewe. Akaingiza chuma chembamba kwenye kidonda cha chini ya taya, kikagonga kitu kigumu, nami nikasikia mlio wake kichwani. Walipopiga picha ya taya, walikuta kipande cha mfupa kimekufa na kujitenga, na mzizi wa jino umebaki kando yake. Nililazwa, nikadungwa sindano kila siku, kisha nikapasuliwa. Nesi alinionyesha ule mfupa kwenye bakuli: wa kijivu, umeliwa kama ubao wenye mchwa, ukubwa wa punje ya mahindi. Ulinuka. Nilitapika.

Sasa jibu nililompa meneja. Aliyeosha vikombe vyetu alikuwa mjane mmoja wa Kisii, mama Nyambeki. Nilimwambia meneja, "Ni vikombe, bwana. Huyu mama hasafishi vizuri." Alifukuzwa siku hiyohiyo. Kabla ya kutoka alininyooshea kikombe mbele ya wote ninuse. Nikanusa, nikakunja uso. Dada, kikombe kile kilikuwa safi. Nilijua harufu inatoka wapi, maana asubuhi ileile nilikuwa nimenusa kijiko changu mwenyewe, nikakimbilia chooni. Usaha wangu ulinichukiza, lakini uso ule niliomkunjia unanichukiza zaidi.

Nilipotoka hospitali nilimweleza meneja yote. Ndiyo sababu ninapima majani. Alikubali Nyambeki arudi, nami nikamfuata soko la Ndanai, alikokuwa akiuza ndizi na dada yake. Niliungama mbele ya wanunuzi wake. Alinisikiliza huku akipanga ndizi, kisha akasema, "Fungua mdomo." Nikafungua, palepale sokoni. Akachungulia, akanusa, akageuka akatema mate chini. Akaniambia kazini atarudi kwa ajili ya watoto wake, ila mimi nisimwite mama tena.

Amerudi tangu Jumatatu. Tukikutana mlangoni ninampisha, na sijui nimwite nani.

Msomee mama habari za jino tu. Haya mengine nitamwambia mwenyewe nikija Desemba. Nisalimie shemeji na watoto wote, na majirani wanaoniulizia. Mungu awalinde.

Ni mimi ndugu yako,
Lazarus Oyoo