Mizani ya Ibadakuli

Kiwanja cha ndege, Ibadakuli, Jumanne, 1996

Basi, Mzee Karim, mwenye kampuni yetu, amechagua ndege ndogo. Nauli itashuka, sawa, lakini ndege hiyo inataka kila abiria apimwe uzito kabla ya kupanda. Abiria wetu ni wanunuzi wa dhahabu wa Geita. Hao hawapandi mizani ng'o! Dhahabu wanaifunga kiunoni na hawataki mtu ajue.

Nilimsihi tusubiri ile kubwa. Akacheka.

“Baba Kulwa, utawakadiria kwa macho.”

Kwa macho! Leo mmoja, mwembamba kabisa, aliketi kwenye benchi letu, benchi likalia. Wakipanda sita wa namna hiyo...

Sikubishana zaidi. Ndege ni yake. Lakini atakayeirusha ni Kulwa wangu.