Kiti cha Mzee Kwenye Kona ya Maombi

Roseline, nyar Rusinga, binti wa kisiwani,

Uji uko kwa thermos. Omena, wale dagaa, nimeanika juu ya mabati, ukiona wingu uanue haraka. Mimi nimeenda mjini Sori kwa rafiki yangu Edith, nitarudi jioni.

Sasa usishtuke ukiona madhabahu yako ya maombi imepanguliwa. Nilikupa kona ya sebule yangu kwa sababu nyumba yenu bado haina mlango. Leo alfajiri nimekosa kiti cha marehemu mzee wangu kwenye hiyo kona, halafu nikifungulia kuku nikakikuta ndani ya banda lao, kuku amekikalia kama chifu. Nikamuuliza bwana wako. Gordon akasema, "Mama, Roseline amesema hicho ni kitu cha mizimu." Mizimu! Mzee alikuwa anakikalia akivua viatu vyake vya gambuti. Basi gambuti nazo ni malaika?

Nimekisugua na sabuni nikakirudisha mahali pake. Biblia, mshumaa na yale maua ya plastiki viko juu ya kabati. ~~Kitambaa cheupe nimepangusia kinyesi cha kuku.~~ Kitambaa kiko kwa kamba, kilikuwa na vumbi kidogo.

Pasta wako akija kubariki hiyo madhabahu, mpe chai. Lakini asikalie hicho kiti, hata akisema amepakwa mafuta.

Kila alfajiri, kabla hujaja kuwasha moto, mimi hukaa kwa mkeka kando ya hicho kiti. Namwambia mzee habari za boma, halafu namwambia Mungu. Hakuna kati yao amewahi kulalamika juu ya mwenzake. Kwa hivyo rudisha vitu vyako, kona inatutosha. Ila ukipiga magoti, kwanza umsalimie baba mkwe wako.

Mama mkwe wako, mwenye sebule