Mashine Iliyovuka Bonde

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na goti limeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo, ila mvua haitupi nafasi hata ya kuanika nguo.

Mama, nimeona makubwa. Unaijua ile michikichi ya bondeni, ambako udongo unanesa kama godoro na miaka yote mbolea huingia kwa ndoo vichwani mwetu. Basi meneja aliletewa mashine mbili za kumwaga mbolea azijaribu, anunue itakayofaa. Moja ni ya magurudumu mapana, ina sahani inayozunguka na kurusha mbolea. Ya pili haina magurudumu. Inatembea kwa mikanda ya mpira, na feni yake hupuliza mbolea pembeni. Masinia yakatandazwa chini ya miti ili kinachoanguka kipimwe.

Ya magurudumu ilianza kwa mbwembwe. Kwenye njia kavu ilimwaga vizuri, tena haraka kuliko mwenzake, fundi wake akawa anatutambia. Ilipoingia bondeni ikazama hadi tumboni, na kadiri ilivyong'ang'ana ndivyo ilivyojizika. Tulipokuwa tunaivuta kwa kamba, mpishi wa kambi akauliza kama tumeipanda ili tuvune nyingine.

Kesho yake ikaingia ya mikanda. Mama, ilipita juu ya tope kana kwamba haina uzito. Nyapara alikwenda kukagua alama zake, buti lake likazama kuliko alama zenyewe. Mbolea ilitua kwenye masinia laini kama manyunyu. Wenzangu wa ndoo, waliokuja na wasiwasi wa kukosa kazi, walisogea kuyatazama masinia. Mmoja alijishika shingo iliyobeba ndoo miaka yote, akalia. Wameahidiwa kuhamia kwenye kuvuna, na ahadi hiyo tumeishika kwa mikono miwili.

Sasa Mama, kaa kwanza. Aliyeiendesha ni mimi.

Najua tangu trekta lilipomlalia Baba katika bonde hilohilo, hutaki mwanao yeyote ashike usukani. Nilipochaguliwa kujifunza sikukwambia, maana ungenikataza, nami ningekutii. Tulipofika pale alipofia, nikapunguza mwendo. Fundi wa mashine hiyo, aliyekaa nami, akaniambia polepole, "Usisimame hapa. Itakubeba."

Ikanibeba. Nilihisi ardhi ikibonyea kidogo na kuinuka tena, kama kifua cha mtu aliyelala. Nilipozima injini ng'ambo ya pili uso ulikuwa umelowa machozi, na huzuni sikuwa nayo hata chembe.

Meneja ameichagua hiyo, na funguo anataka nizishike mimi. Nimemwomba anivumilie mpaka nipate neno lako. Ukikataa nitarudi kwenye ndoo, wala sitanuna. Ninachokuomba ni kimoja: kabla hujakataa, njoo usimame ukingoni unitazame nikivuka.

Nisalimie shangazi, na watoto wa dada uwabusu mmoja mmoja.

Ni mimi,
kitindamimba wako.